Wadogo Zangu, Jina Tupu Si Mtu

Juzi tena. Kijana kanikunjulia mti wa ukoo wa vizazi sita, na juu kabisa kuna wazee wawili, Joannes na Joannis. Mwanangu, huyo ni Yohana mmoja. Daftari la parokia la Kilatini likisema "filius Joannis" linasema mwana wa Yohana. Mkia wa jina hubadilika kwa ajili ya hiyo "wa". Umempasua mzee wa watu akawa wawili! Bidii yenu naipenda, ndiyo maana nasema kwa ukali.

1. Kaeni na wazee kabla ya kwenda kwa paroko. Waulizeni majina ya wanawake kwanza.

2. Ndoa za baada ya Pasaka ya 1908 zitafuteni pia pembeni mwa kurasa za daftari la ubatizo. Ne Temere, amri ya Kanisa Katoliki kuhusu ndoa, ilitaka ndoa iandikwe kule mtu alikobatizwa.

3. Jina tupu si mtu. Misheni kama Bagamoyo, iliyoanza 1868, zilipokea watu waliokombolewa utumwani, wametoka mbali na kila mmoja kwao, wakabatizwa kwa majina ya watakatifu walewale. Nilikuwa nalijua hilo, na bado nikaanguka. Baba wa babu yangu aliitwa Fransisko. Katika misheni moja ya pwani nikapata ndoa ya Fransisko, mke Myao, miaka inalingana. Nikafunga daftari. Bibi, dada yake babu, akaniambia, "Mjukuu wangu, mama yetu alikuwa Mmanyema." Nikamjibu kwamba mapadre ndio wanaojua, waliandika. Nilimjibu hivyo mtu aliyebebwa mgongoni na mama huyo huyo. Nikachangisha ndugu, katekista mzee akatuonyesha kaburi la Fransisko mume wa Myao, tukalijengea, tukasimamisha msalaba, misa ikasomwa. Mwaka uliofuata familia nyingine ikaja kufagia kaburi la babu yao, ikakuta msalaba wenye majina yetu. Hawakutugombeza. Mama mmoja aliuliza tu, "Na sisi tumzike wapi tena?" Nilirudi kwenye daftari. Kurasa nne mbele yupo Fransisko mwingine, mke Mmanyema, na jina la mke huyo ndilo lililoandikwa kwenye cheti cha ubatizo cha babu, ambacho nilikuwa nacho mkobani tangu siku ya kwanza. Msalaba tuliung'oa wenyewe. Bibi alikwisha kufariki. Sikuwahi kumwomba radhi.

Basi mke, wazazi wa mke, mashahidi, wasimamizi wa ubatizo: wote wakubaliane ndipo uandike kwa wino.

4. Sensa. Kila wiki naulizwa ya 1948 iko wapi, mtu amtafute babu yake. Ripoti za sensa za Tanganyika, hiyo na ya 1957, zina hesabu za watu kwa wilaya na kwa kabila, hazina majina. Zitumieni kujua watu wa kwao bibi walikuwa wengi wilaya gani, kisha nendeni mkatafute daftari la huko.

5. Cheti cha ndoa cha kadhi kina mwaka wa Hijria, ambao ni mfupi kwa siku kama 11. Miaka 33 ya humo ni kama 32 ya kalenda ya ukutani.

Na wewe wa Joannis, rudi Jumamosi. Uje na jina la mama yake bibi yako, tuanze na yeye.