Wababeli walizuiaje mavuno yasihamehame?

SWALI: Ramadhani husogea nyuma siku kama 11 kila mwaka. Wababeli, watu wa Iraki ya kale, nao walianza mwezi kwa kuona mwandamo. Ilikuwaje mavuno yao ya shayiri yakabaki katika miezi ileile?

JIBU: Waliongeza mwezi wa 13, jambo ambalo kalenda ya Hijria hairuhusu. Miezi 12 ya mwandamo ina siku 354, mwaka wa jua 365 na robo hivi. Miaka 3 ikipita, pengo ni siku 33. Kuongeza mwezi ni rahisi. Kazi ni kujua mwaka gani.

Vibao vya udongo viitwavyo MUL.APIN, ambavyo nakala zake kongwe ni za karne ya 7 KK, vinatumia Kilimia, kundi lilelile la nyota ambalo wakulima wetu hulitazamia mvua. Tazama mwezi wa Nisannu, wa kwanza katika mwaka (Machi–Aprili). Hilali ikiwa sambamba na Kilimia tarehe 1, mwaka ni wa kawaida. Ikikifikia tarehe 3, ongeza mwezi.

Siri iko kwenye mwendo. Mwezi huachana na jua kwa nyuzi 12 hivi kila siku, ilhali jua husogea kati ya nyota kwa karibu uzi 1 tu. Mwezi ukichelewa siku 2 kukifikia Kilimia, maana yake jua liko nyuzi 24 nyuma ya pale lilipopaswa kuwa, yaani kalenda imeutangulia msimu kwa siku 24 hivi.

Ubaya wake ni kwamba ukikosea siku 1 umekosea 12 za msimu. Tena Kilimia ni hafifu, na tarehe 1 kinakuwa chini magharibi, kimemezwa na mwanga wa machweo. Vibao hivyohivyo vina kanuni ya pili, na kwangu ndiyo bora: vizia alfajiri, upande wa mashariki, siku Kilimia kinapoonekana tena kabla ya jua kuchomoza. Kikitokea tarehe 1 Ayyaru, mwezi wa 2, sawa. Kikitokea tarehe 1 Simanu, mwezi wa 3, ongeza. Hapa mawingu ya siku 2 yanakupotosha kwa siku 2 tu.

Mawingu yakiziba mwandamo wenyewe, mwezi hukamilishwa siku 30, na mwandamo unaofuata husahihisha hesabu.

Zamani amri ilitoka kwa mfalme. Hammurabi, mfalme wa Babeli, alimwandikia ofisa wake Sin-iddinam kwamba mwezi unaokuja uandikwe Ululu (mwezi wa 6) wa pili, na kodi iliyotakiwa Babeli tarehe 25 Tashritu, mwezi wa 7, ifike tarehe 25 ya Ululu huo wa pili. Mwezi uliongezwa, mlipakodi hakuongezewa hata siku!

Kufikia karne ya 4 KK walikuwa na ratiba isiyohitaji kuvizia: miezi 7 ya nyongeza katika kila miaka 19, sita ikiwa Addaru (mwezi wa 12) wa pili na mmoja Ululu wa pili. Jumla ni miezi 235, inayopishana na miaka 19 ya jua kwa saa 2 hivi. Kalenda ya Kiyahudi hutumia uwiano huo hadi leo.

Ukitaka kujaribu kanuni ya Kilimia mwenyewe, usiitumie kupanga mwaka. Mhimili wa dunia huyumba polepole, na nyota huchelewa siku 1 ya msimu kila miaka 71 hivi. Tangu karne ya 7 KK zimeshachelewa zaidi ya mwezi mzima.