Maswali ya wasomaji: Kejeli isiyokonyeza jicho

SWALI: Nilitazama Xala, filamu ya Ousmane Sembène wa Senegal, pamoja na rafiki zangu. Wao wanasema filamu inakwenda polepole, eti kamera imelala, na kwamba kejeli yote imo kwenye riwaya. Mwongozaji hakuongeza kitu. Mimi nilicheka peke yangu mpaka nikaona haya. Niwajibu nini?

JIBU: Waambie Sembène ndiye aliyeandika riwaya hiyo pia, mwaka 1973, na filamu ikatoka 1975. Alikuwa na maneno tayari, na bado akaona haja ya picha. Kwa nini?

Rudieni mwanzo wa filamu. Wafanyabiashara wa Senegal, wakiwa na mavazi ya Kiafrika, wanaingia Baraza la Biashara na kuwatoa Wafaransa. Sanamu za wakoloni zinabebwa nje na kuwekwa ngazini. Sauti inahubiri uhuru na ujamaa wa Kiafrika. Punde Wafaransa wale wale wanarudi na mikoba, na mabwana wetu, sasa wamo ndani ya suti, wanafungua kila mmoja mkoba wake: umejaa noti! Kama mkato, yaani kuhamia picha nyingine, ungekuja haraka mngepata kichekesho kimoja na kusahau. Sembène anaacha mikoba ifunguliwe, watu wachungulie, wafunge, na hotuba iendelee kana kwamba hakuna kilichotokea. Huko “kulala” kwa kamera ndiko kunakowaumbua. Nimekaa mezani kwa uhariri muda mrefu, na nakuhakikishia kuacha picha iendelee kunataka ujasiri kuliko kuikata.

Halafu tazama maji ya Evian, yale ya chupa kutoka Ufaransa. Tajiri El Hadji, mhusika mkuu na mmoja wa wafanyabiashara wale, anakunywa hayo, na gari lake la Mercedes nalo linapewa hayo hayo. Hakuna mhusika anayesimama kutuhutubia juu ya ufujaji. Baadaye binti yake, Rama, anakuja ofisini. Baba anamkaribisha Evian, naye anakataa. Baba anaongea Kifaransa, binti anajibu Kiwolofu. Anapopigwa picha, nyuma yake ipo ramani ya Afrika isiyo na mipaka. Chupa, lugha, ramani: vyote vimo ndani ya fremu moja, yaani picha moja ya kamera, na mtazamaji anaunganisha mwenyewe. Riwaya ingelazimika kuvitaja kimoja baada ya kingine.

Ninachokubaliana na rafiki zako ni kwamba baadhi ya waigizaji wanasema maneno yao kwa ukakamavu. Sijui kama hilo linanikera au linanifurahisha. Katika vikao vya Baraza linafaa kabisa, kwa sababu watu wale wanaigiza cheo. Nyumbani kwa wake zake El Hadji linachosha.

Na ule mwisho, ombaomba wanapomtemea El Hadji mate akiwa kifua wazi, eti ndiyo dawa ya xala yake, laana ya kukosa nguvu za kiume, picha inagandishwa juu yake. Filamu inakataa kumpa nafasi ya kuoga. Aliyeona hapo mwongozaji hakuongeza kitu, huenda alikuwa anatafuta viatu vyake atoke.

SWALI: Nataka kuchambua mtindo wa mwongozaji. Nianzie wapi?

JIBU: Usianzie kwenye maisha yake. Chagua tukio moja fupi, litazame bila sauti, kisha lisikilize bila picha. Andika kamera imesimama wapi, nani kaachwa nje ya fremu, mkato umekuja kabla au baada ya mtu kumaliza kusema.

Kisha tafuta filamu ya pili ya mtu huyo huyo. Kwa Sembène, ichukue La Noire de… ya 1966. Humo kuna kinyago ambacho msichana Diouana anawazawadia waajiri wake Wafaransa. Kinaishia kuwa pambo ukutani mwao, na kila kinapohama mkono maana yake nayo inahama. Ni kazi ile ile ya chupa ya Evian. Ukishaona hivyo mara mbili, hapo una haki ya kuandika “mtindo”. Na vitu vyenyewe uvitaje: chambuzi nyingi ninazoletewa zimejaa “ustadi” na “ubunifu”, ndani yake hamna hata kikombe.