Mkuu, usitoke Jumamosi bila tyubu yako mwenyewe

Usiende hivyo. Umeandika kwamba kiongozi wa msafara wenu wa baiskeli amekwambia "njoo na maji tu, vifaa tunavyo," na mimi nimeshindwa kupita kimya. Niliambiwa maneno hayo hayo, nikayaamini, na yakanigharimu rimu nzima ya nyuma. Mengine uliyouliza, yaani cheni ikikatika ufanyeje na kama ni aibu kusimamisha watu, yatasubiri kidogo.

Vifaa vitakuwepo, sikatai. Vya nani?

Baiskeli yangu ni ya barabarani, ya tairi nyembamba. Ubavuni mwa tairi pameandikwa 28-622: 28 ni upana wa tairi kwa milimita, 622 ni kipenyo cha pale linapokalia rimu. Rimu zenyewe zina kina cha milimita 50, yaani kimo chake kutoka kwenye tairi kuelekea katikati ya gurudumu, na tundu la valvu ni dogo, milimita 6.5, kwa ajili ya ile valvu nyembamba ya Presta. Yashike hayo, maana ndiyo kesi yenyewe.

Nilipopata pancha sikuwa na wasiwasi wowote. Kundi lilikuwa kubwa na karibu kila mtu alikuwa na kifuko chini ya kiti. Wa kwanza akanipa tyubu ya Presta, upana ule ule, ila valvu yake ilikuwa ya milimita 40. Kwenye rimu ya kina cha 50 valvu hiyo haichomozi hata ncha, sasa pampu utaishikiza wapi? Wa pili akatoa ya baiskeli ya mlimani ya inchi 26. Hiyo ni 559, kipenyo kidogo halafu nene, ukiisokomeza ndani ya tairi jembamba inajikunja na kubanwa. Tukajaribu kuziba ile ile iliyotoboka. Viraka vilikuwepo, msasa ulikuwepo, lakini gundi ilishawahi kufunguliwa ikaachwa kifukoni, ikakauka kabisa. Hii gundi ukishaifungua mara moja usiitegemee tena safari ijayo bila kuikagua.

Ndipo akaja mwenye baiskeli ya inchi 29. Inchi 29 nayo ni 622, kipenyo changu kabisa, watu wakafurahi. Kumbe valvu yake, ingawa ni ndefu ya kutosha, ni ile nene kama ya gari, Schrader, inayotaka tundu la milimita 8.5. Haipiti.

Hapo ndipo "fundi" wa kundi alipojitokeza. Ni yule ambaye kila msafara anaye, anayejibu kabla hujamaliza kuuliza. Akasema tundu linapanuliwa tu, ni kazi ya dakika chache, ameshafanya mara nyingi. Ana tupa ndogo kwenye spana zake za kukunja. Watu wamesimama juani wanatazama saa, mimi naona aibu kuwachelewesha, nikasema haya. Sitamsamehe kirahisi kwa hilo, kwa sababu alikuwa na uhakika kuhusu kitu ambacho hakukijua, na kilichokuwa kinachimbwa hakikuwa chake.

Tupa haitoboi tundu safi. Inaacha kingo zenye meno. Tuliipitisha valvu kwa shida, tukajaza upepo, tyubu pana imejibana ndani ya tairi la milimita 28, tukaondoka. Hatukufika mbali. Yale meno yaliikata tyubu pale pale shina la valvu lilipoungana na mpira, na hapo kiraka hakishiki hata ukiwa na gundi mpya na subira yote ya dunia. Msafara ukaendelea. Mimi nikasukuma baiskeli.

Nilipoipeleka kwa fundi wa kweli alilitazama lile tundu, akaweka gurudumu chini. Rimu nyembamba ikishachimbwa hivyo, nyufa zinaanzia pale, na Presta ikirudishwa inachezacheza mpaka shina lichoke. Kubadilisha rimu maana yake ni kufungua spoku zote na kulisuka gurudumu upya. Yote hayo kwa kukosa tyubu moja inayoingia kwenye kiganja!

Kwa hiyo kaa na hili hata ukisahau kila kitu: beba tyubu ya gurudumu LAKO, kipenyo chake, upana wake, aina ya valvu yake, urefu wa valvu yake. Tyubu ya mwenzako ni kama kiatu cha mwenzako, kuwa kipo haina maana kitakuingia. Atakayekwambia vifaa vipo, muulize rimu zake zina kina gani. Akikutazama tu, umeshapata jibu.

Cheni nayo ni hivyo hivyo. Kiungo cha kufungia cha cheni ya gia 9 hakikai kwenye cheni ya gia 11, upana ni tofauti, beba cha kwako. Na kile kipande kidogo kinachoshikilia mtambo wa gia wa nyuma kwenye fremu, kinachopinda ukianguka upande wa kulia, kina maumbo mengi mno kutegemea fremu. Hakuna mtu kundini atakayekuwa na chako.

Aibu ya kusimamisha watu iondoe kichwani. Inua mkono, paza sauti "pancha", usibane breki ghafla, na wote mtoke barabarani kabisa, si kusimama ukingoni. Aibu ndiyo iliyonifanya nikubali ile tupa.

Kabla ya Jumamosi fanya hivi nyumbani. Ng'oa gurudumu la nyuma, toa tyubu, pitisha kitambaa ndani ya tairi lote (kikinasa mahali, pana mwiba au kijiwaya, kitoe, la sivyo tyubu mpya nayo itatoboka), kisha vika ile ya akiba yenyewe na uijaze kwa pampu ile ile utakayobeba. Nimeona pampu zenye mdomo wa Schrader tu mikononi mwa watu wa Presta. Ikijaa na kukaa usiku kucha bila kupungua, itoe upepo wote, ikunje, uifunge kwenye soksi kabla ya kuitia kwenye kifuko, maana spana zikiisugua njia nzima utaikuta imeshatoboka siku unayoihitaji.