Usikimbilie albamu yako: njia aliyopita Carlinhos Brown

Carlinhos Brown alitoa albamu yake ya kwanza mwaka 1996, akiwa na miaka 33. Hili nalirudia mara kwa mara, maana vijana wanaokuja studio kwangu Temeke wana miaka 19 na wanataka albamu ya nyimbo 15 iishe kabla ya Ramadhani. Mtu ana kipaji kweli: anapiga kinanda, gitaa na tumba, biti anatengeneza mwenyewe kwenye laptop. Nikimwuliza ameshapiga kwenye nyimbo za nani, ananitazama kama nimemtukana.

Kwa asiyemjua, huyu ni mtunzi, mwimbaji, prodyuza na mpiga vyombo vingi wa Brazil, aliyezaliwa 1962 Candeal Pequeno, mtaa wa watu wa kipato cha chini ndani ya jiji la Salvador, Bahia. Ngoma alifundishwa palepale mtaani na mzee aliyeitwa Mestre Pintado do Bongô. Miaka ya 1980 akawa mtu wa studio ya WR, ile iliyorekodi sehemu kubwa ya muziki wa kucheza wa Bahia uliokuja kujulikana kama axé. Alikuwa anapiga kwenye rekodi za wengine na kwenye bendi ya mwimbaji Luiz Caldas, huku anatunga. Mwaka 1989 Caetano Veloso, mwimbaji ambaye tayari alikuwa mkubwa nchini kwao, akauweka wimbo wa Brown “Meia Lua Inteira” kwenye albamu yake. Wimbo ukaingia kwenye tamthilia ya televisheni, nchi nzima ikauimba, na wengi walioucheza hawakujua nani kautunga. Mwaka 1992 mpiga piano Sérgio Mendes, Mbrazil mwenzake, naye akajaza albamu yake ya “Brasileiro” tungo kadhaa za Brown, “Magalenha” ikiwemo, na albamu hiyo ikachukua Grammy.

Hesabu miaka hiyo. Mtu ameshatembea dunia kwa nyimbo zake, na albamu yenye jina lake bado haipo.

Mimi nilipitia njia hiyohiyo, kwa kiwango cha Temeke lakini. Nilianza na tumba kwenye bendi ya harusi, nikahamia kinanda mpiga kinanda wetu alipopata safari ya Oman, kisha nikawa naitwa studio kujazia: leo kayamba kwenye kaswida, kesho besi kwenye bongo fleva, keshokutwa dumbaki kwenye taarabu. Kazi za kujazia hazina sifa. Unalipwa kwa wimbo, na siku nyingine unalipwa wali. Ila zinakufundisha kitu ambacho biti za chumbani hazikufundishi, yaani namna ya kuacha nafasi. Ukiwa mwenyewe kwenye laptop unapiga kila kitu unachokijua. Ukiwa mbele ya mwimbaji mwenye haraka na mhandisi anayetazama saa, unapiga kile tu ambacho wimbo unakidai, na mara nyingine ni njuga peke yake kwenye kiitikio.

Msikilize Brown kwa sikio hilo. Kwenye “Roots” ya Sepultura, albamu ya muziki mzito wa magitaa iliyotoka mwaka uleule wa 1996, amepiga na kuimba katika “Ratamahatta”, na ngoma zake hazipigani na magitaa. Zinapita chini yake. Halafu sikiliza alivyomwandikia mwimbaji Marisa Monte “Segue o Seco”, wimbo wa ukame, uliojaa hewa. Mtu aliyekulia kwenye nyimbo zake tu asingeweza kufanya yote mawili.

Jambo dogo la ufundi, kwa sababu watu huniuliza sana. Kwenye Timbalada, kundi aliloliunda Candeal mwanzoni mwa miaka ya 1990, chombo kinachobeba kila kitu ni timbau: ngoma ndefu iliyochongoka kuelekea chini, inapigwa kwa mikono, ina mlio mkali juu na mzito katikati. Ngoma ya aina hii ukiisogezea maiki karibu na ngozi, unapata kofi tupu, kama mtu anapiga meza. Mimi kwa ngoma zetu ndefu naweka maiki moja juu, umbali wa mkono mmoja hivi, nyingine chini karibu na tundu, halafu nageuza fezi ya ile ya chini, yaani mawimbi yake ya sauti nayapindua yaende upande mmoja na ya juu, kabla sijaanza kumiksi. Usipoigeuza, uzito wote unapotea na utalaumu ngoma ya watu.

Sasa suala la hela, maana kujazia bila karatasi ni kujitolea. Brazil wana chombo kinaitwa ECAD kinachokusanya mirabaha ya muziki unaopigwa hadharani, na hata mpiga vyombo wa studio ana fungu lake, mradi jina lake limeandikwa kwenye usajili wa rekodi, ule wenye namba ya ISRC, yaani namba ya utambulisho ya kila rekodi. Ndiyo maana kule mtu anaweza kukaa miaka studio na asife njaa. Huku kwetu na Kenya pia kuna vyama vya kukusanya mirabaha, lakini chama hakiwezi kudai kwa niaba ya mtu ambaye jina lake halipo popote. Kuna mwimbaji alitoa wimbo ambao kiitikio chake nilikitunga mimi, kwenye kochi hili nililokalia, na jina langu halikuonekana hata kwenye maelezo ya YouTube. Nilipompigia aliniambia, “Kaka, si tulikuwa tunapiga stori tu?”

Tangu hapo kuna daftari mezani. Kabla mtu hajavaa viatu vyake tunaandika jina la wimbo, tarehe, nani kaleta melodi, nani maneno, nani biti, kwa asilimia, na majina ya wote waliopiga. Tunasaini, napiga picha, natuma kwenye WhatsApp ya kila mmoja. Wengine hununa kidogo. Hao nawaambia watazame albamu ya Tribalistas ya 2002, kundi la Brown, Marisa Monte na mwimbaji mwenzao Arnaldo Antunes: nyimbo nyingi zina majina ya wote watatu. Watu watatu wenye majina makubwa hivyo, na undugu wao bado uko kwenye maandishi.

Yapo pia ya kutofuata. Mwaka 2001 Brown alipanda jukwaa la tamasha la Rock in Rio mbele ya umati uliokuwa unawasubiri Guns N' Roses, bendi ya roki ya Marekani, akamiminiwa chupa. Watu humsifu kwa ujasiri. Mimi ningemwambia aliyepanga ratiba maneno mazito.

Na kuna swali moja huwa linafuata: je, niache kabisa kutengeneza vya kwangu? Hapana. Tengeneza kila siku, ila weka kwenye folda yenye jina na tarehe, demo fupi, sauti na chombo kimoja. Siku mwimbaji anapokuja ana nyimbo nne na anatafuta ya tano, fungua folda, mchezee mbili, usimchezee kumi. Akichukua moja, lete daftari. Brown mwenyewe, wakati huo wote anawatungia wengine, alikuwa anajenga pale Candeal: mwaka 1994 akaanzisha Pracatum, shule ya muziki ya vijana wa mtaa, na maprodyuza huwa hatuzungumzii kabisa faida yake ya kazi. Mwenye wapigaji aliowafundisha mwenyewe hahangaiki kutafuta watu siku ya kurekodi.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa kinanda, gitaa na tumba, Jumamosi hii nina kaswida mbili na wimbo wa harusi. Wa tumba nimempata. Sina wa kayamba.