Andika Ukiwa Mzima: Kwa Mama Mjamzito Mwenye Baipola

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia, na ameniruhusu ninukuu kidogo: "Dada, nina mimba ya wiki 21 na nina baipola kama wewe. Daktari ameniambia nikizidiwa wanaweza kwenda mahakamani kuomba amri ya kunipasua bila ridhaa yangu. Tangu aniambie hivyo silali. Nifanye nini?"

Mdogo wangu, nitakujibu hapa mbele ya watu, maana najua hauko peke yako. Baipola ni ugonjwa wa akili unaompandisha mtu hisia kupita kiasi, kisha kumshusha. Ila nianze na yaliyonipata mimi, kwa sababu ushauri wangu wote umetoka huko.

Mimba yangu ya kwanza niliigundua asubuhi. Kufika jioni nilikuwa nimeshazimwaga chooni dawa zangu zote za lithiamu, zile za kutuliza baipola. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba lithiamu inaweza kudhuru moyo wa mtoto tumboni. Ni kweli hatari hiyo ipo, ingawa ni ndogo kuliko nilivyodhani. Nisilolisoma ni kwamba ukiiacha ghafla ugonjwa hurudi kwa kasi. Sikumwambia daktari, sikumwambia hata mume wangu. Nilijiona mama shujaa. Miezi ikapita salama, nikazidi kuamini kwamba nimepona.

Wiki ya 34 usingizi ulikata. Wiki ya 36 nilikuwa nimelazwa, natokwa na damu. Kondo la nyuma lilikuwa limetangulia, limeziba mlango wa kizazi, na madaktari wakasema hakuna namna nyingine ila operesheni. Nilikataa. Katika akili yangu ya siku zile, chumba cha upasuaji kilikuwa mahali pa kubadilishia watoto, na wangu alikuwa ameshawekewa alama. Nilipiga kelele hadi sauti ikakauka. Lakini kuna sentensi moja niliyoisema tena na tena, naikumbuka kama jana: "Niitieni dada yangu." Hakuna aliyeiandika.

Saa tano usiku walimpigia jaji simu, na kabla ya saa sita amri ilikuwa imetoka. Hakuna wakili aliyezungumza nami, wala sikujua kama kuna kesi inayonihusu. Nakumbuka muuguzi akinipaka sabuni kidoleni ili pete itoke, taratibu, bila kuniangalia usoni. Kisha nusukaputi. Nilipozinduka mkono wangu ulikwenda tumboni kabla sijafumbua macho, na tumbo halikuwepo. Mwanangu nilimwona siku ya tatu.

Miezi minane baadaye, nikiwa nimetulia, niliomba kusoma faili langu. Jina langu lilikuwa limekosewa herufi mbili. Na kwenye maelezo aliyosomewa jaji kulikuwa na mstari huu: "Mgonjwa hana ndugu wa karibu aliyepatikana." Dada yangu alikuwa amekaa kwenye benchi la korido usiku kucha, amepakata mfuko wenye viatu vyangu.

Siwezi kuwadanganya: operesheni ile ilituokoa. Kondo likiwa limeziba njia, uchungu ukianza mama anaweza kuvuja damu hadi afe, na mtoto pamoja naye. Usiku ule sikuwa na uwezo wa kupima jambo hilo, na leo mwanangu ana miaka tisa. Namshukuru Mungu kwa uhai wake, na nawashukuru waliomtoa. Bado inaniuma, na sitaomba radhi kwa kuumia. Kuokolewa ni jambo moja, kufanywa kama mzigo unaohamishwa kutoka kitanda hadi kitanda ni jambo lingine, na watu hupenda kuyachanganya ili unyamaze.

Baada ya kusoma faili lile nikaanza kusoma sheria. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2005 kuhusu uwezo wa kuamua inasema kila mtu mzima achukuliwe kuwa anao uwezo huo hadi ithibitishwe vinginevyo. Kinachopimwa ni mambo manne: je, unaelewa unachoambiwa, unakishika kichwani, unaweza kukipima, na unaweza kueleza uamuzi wako? Kuwa na ugonjwa wa akili peke yake hakutoshi kukuondolea haki hiyo. Hata kuamua vibaya machoni pa wengine hakutoshi. Hili ulishike sana, mdogo wangu, maana utakutana na watu, wengine wamevaa makoti meupe, ambao wakiona tu jina la ugonjwa wako juu ya faili wameshamaliza kupima.

Kuna kesi ya huko huko Uingereza iliyonitoa machozi. Mwanamke mwenye mimba ya wiki 36 alionekana na dalili za kifafa cha mimba, akakataa matibabu kwa akili timamu na kwa maandishi. Wakamzuilia kwa sheria ya wagonjwa wa akili, kisha wakaenda kwa jaji bila yeye kujua. Jaji akaambiwa mama ana uchungu kwa saa 24, wakati uchungu haukuwa umeanza kabisa. Akapasuliwa. Mwaka 1998 Mahakama ya Rufaa ikasema kuzuiliwa kwake na kupasuliwa kwake vyote vilikuwa kinyume cha sheria. Niliposoma habari ya zile saa 24 nilifikiria benchi la korido. Jaji hakuoni. Anachokiona ni kile alichosomewa.

Marekani nako, jimbo la Massachusetts, mwanamke mwenye ugonjwa mkali wa akili alikuwa na mimba, na wazazi wake walitaka itolewe. Mwenyewe alisema yeye ni Mkatoliki na hawezi kutoa mimba. Jaji aliamuru itolewe, akaongeza na kufungwa kizazi, jambo ambalo hakuna aliyeliomba! Mwaka 2012 mahakama ya rufaa ikaifuta amri ya kumfunga kizazi na kurudisha suala la mimba kwa jaji mwingine. Nawatajia hayo ili mjue amri ya jaji si sauti ya Mungu. Hukatiwa rufaa, na huweza kufutwa. Lakini mwili uliopasuliwa haukatiwi rufaa, kwa hiyo kazi ya maana hufanyika kabla.

Kazi yenyewe ni kuandika. Unaandika wakati wewe ni mzima, kwa maneno yako, unachokitaka na usichokitaka siku ukizidiwa.

Mimba ya pili niliishika nikiwa na akili hiyo. Safari hii sikumwaga dawa. Nilikwenda kwa daktari wangu wa akili kabla hata ya kubeba mimba, tukakubaliana niendelee na lithiamu, nipimwe damu mara kwa mara kwa sababu kiwango chake katika damu hushuka wakati wa mimba. (Anayetumia valproeti, dawa nyingine ya baipola, asisubiri hata kidogo, akamwone daktari mapema, maana kati ya dawa za baipola hiyo ndiyo inayoongoza kwa kudhuru watoto tumboni. Lakini naye asiiache kwa uamuzi wake mwenyewe.) Na wiki ya 20 nilikaa mezani na dada yangu tukaandika karatasi yenye mistari 11. Nani apigiwe simu kwanza. Kwamba ikibidi kupasuliwa, nichomwe ganzi ya mgongoni, nusukaputi iwe ya mwisho kabisa. Kwamba dada awe kichwani pangu. Kwamba kabla mtu hajanigusa aniambie jina lake na anachotaka kufanya, hata akidhani sisikii. Kwamba mtoto aletwe usoni pangu kabla hajapelekwa popote. Nikatia sahihi, mkunga na daktari wakashuhudia, nakala zikaenda kwenye faili, kwa dada, na kwenye mkoba wangu.

Nikaugua tena, pamoja na dawa zote. Wiki ya 35. Wakaenda mahakamani tena, ila safari hii mapema, mchana, na wakili akaja kunisikiliza nikiwa kitandani, ingawa nilimtukana. Jaji akasomewa mistari yangu 11, na amri ikatoka na masharti yangu ndani yake. Siku ya operesheni daktari aliyenishika alisimama mlangoni kwanza, akataja jina lake. Mkono wa dada ulikuwa shavuni pangu, unanukia sabuni. Nilikuwa mgonjwa siku hiyo, na bado nilijua kwamba ile karatasi ni mimi. Sijawahi kujivunia kitu chochote maishani kama nilivyojivunia karatasi ile.

Kwa hiyo msisubiri. Mwaka 2014 jaji mmoja wa Uingereza alitoa mwongozo kwamba hospitali ikiona dalili za kuhitaji amri, iombe angalau wiki nne kabla ya tarehe ya kujifungua, ili mama apate mtu wa kumsemea. Wiki nne! Mimi nilipewa chini ya saa moja. Muulizeni daktari waziwazi: nikizidiwa mtafanya nini, mtamwita nani, nani atanisemea mbele ya jaji? Kama swali linamkera, muulize mwingine. Nanyi waume, mama zetu, dada zetu, acheni kunong'ona koridoni. Ingieni ndani, semeni majina yenu kwa sauti, hakikisheni yameandikwa. Nanyi madaktari mnaonisoma, mtu anayepiga kelele bado anaongea. Sikilizeni neno moja katika kelele zake mliandike.

Na mipango isiishie siku ya kujifungua. Wazimu wa baada ya uzazi huwapata mama mmoja au wawili katika kila 1,000, lakini kwetu wenye baipola ni kama mmoja kati ya watano, na mara nyingi huanza ndani ya wiki mbili za kwanza. Mstari wangu wa 11 ulihusu usingizi: nani amshike mtoto usiku ili mimi nilale.

Mdogo wangu, wiki 21 ni mapema, wakati unao. Kaa na mtu unayemwamini mwandike, hata kwa mwandiko mbaya, hata mistari mitatu. Ukimaliza nitumie niisome kabla hujaipeleka kwa daktari. Juu kabisa andika jina lako kamili, uliangalie herufi kwa herufi, kisha mpe mwingine naye aliangalie.