Kazini wanataka nywele ziwe wazi, nyumbani zinakatika

SWALI: Shikamoo dada. Mimi naigiza jukwaani, na katika mchezo tulio nao sasa mhusika wangu ana afro kubwa ya duara. Nywele ni zangu mwenyewe, za asili, sijatia dawa mwaka wa sita huu. Tunaonyesha Jumatano hadi Jumapili, na mwongozaji hataki kusikia habari ya kusuka wala kubana. Kila jioni kabla ya onyesho nazilowesha kwa chupa ya kupulizia, nazichana, nazipiga draya, halafu nazinyanyua kwa chanuo la afro mpaka duara litimie. Usiku narudi nimechoka, nalala nazo hivyo hivyo. Huu ni mwezi wa tatu. Sinki linajaa vipande vifupi kama kope, na upande wa kulia, juu ya sikio, nywele zimepungua urefu kuliko za kushoto, tofauti inafika sentimita 4. Nimebadilisha mafuta mara nne. Je, niache kazi au ninyoe nianze upya? – Mwenye Afro

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usinyoe, na kazi usiiache. Mafuta nayo acha kuyabadilisha, maana tatizo lako halimo kwenye kopo.

Umeniandikia kitu kimoja kilichonisaidia sana: vipande vifupi kama kope. Unywele unaotoka kwenye mzizi hutoka mzima, na mwisho wake una kivimbe kidogo cheupe kama kichwa cha pini. Hizo kudondoka 50 hadi 100 kwa siku ni kawaida ya kila kichwa. Vyako ni vipande, havina hicho kichwa cheupe, kwa hiyo ngozi yako inaotesha vizuri kabisa. Nywele zinakua na kukatika njiani.

Zinakatika kwa mikono. Kuwa wazi peke yake hakuzikati. Hebu tuhesabu pamoja: kulowesha, kuchana, draya, chanuo. Hayo ni mara nne kwa jioni moja, mara 20 kwa wiki, na kwa wiki 12 ni mara 240. Sasa fikiria ncha. Nywele hukua takribani sentimita 1 kwa mwezi, na hizi zetu zenye mikunjo ya karibu karibu mara nyingi hukua chini kidogo ya hapo. Tuseme unywele wako una sentimita 25: ncha yake ilitoka kichwani zaidi ya miaka miwili iliyopita. Ncha hiyo haina damu, haijitibu, na mafuta ya asili ya ngozi yanaifikia kwa shida kwa sababu lazima yapite kila kona ya mkunjo. Kila kona nayo ni mahali ambapo unywele umejipinda, na hapo ndipo unapovunjika kwanza. Ndiyo ncha hiyo uliyoisumbua mara 240.

Hesabu hii sikuitoa hewani. Nilipoanza kazi ya ususi, mwenye saluni alitaka nywele zangu ziwe wazi kila siku, wateja waingie wazione. Nilifurahi, nikazihudumia asubuhi na mchana kama mtoto mchanga. Baada ya mwaka mmoja na nusu utosi wangu ulikuwa na nywele za kimo cha kidole gumba, zilizobaki zinafika shingoni. Mama mmoja aliyenifundisha kazi alinipa daftari dogo, akaniambia nichore mstari kila mkono wangu unapogusa kichwa, kwa wiki moja. Sikufika Ijumaa kabla sijaelewa. Baadaye nimefanya kazi miaka mingi nyuma ya jukwaa, nikitengeneza vichwa vya waigizaji na wacheza ngoma, na daftari lile ndilo dawa ninayoiagiza mpaka leo kabla ya nyingine yoyote.

Kwa hiyo kazi yote ya nywele ifanye mara moja kwa wiki, na siku tano zinazofuata uishi kwa kazi hiyo. Una Jumatatu na Jumanne za mapumziko. Hizo ni mali.

Jumatatu paka mafuta ya nazi kwenye nywele kavu, hasa ncha, saa moja au mbili kabla ya kuosha. Nazi naitaja kwa sababu: majaribio yaliyochapishwa mwaka 2003 yalilinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na yale ya madini, na ni ya nazi pekee yaliyopunguza upotevu wa protini ya nywele zikioshwa, kwa kuwa yanapenya ndani ya unywele badala ya kubaki juu tu. Gawa kichwa mafungu manne hadi sita, uoshe fungu baada ya fungu, shampuu ikae zaidi kwenye ngozi ya kichwa kuliko kwenye nywele. Wewe unatoka jasho jukwaani, chumvi inakaukia mle, usiogope shampuu kila wiki. Kisha kondishena ya kutosha, mpaka nywele ziteleze, na hapo ndipo uchane: vidole kwanza, halafu kitana cha meno mapana, kuanzia nchani kupanda kwenye mzizi. Hapa wengi huniuliza, si nywele zikilowa huwa dhaifu? Ni kweli hunyumbuka zaidi zikilowa. Lakini nywele za mikunjo mingi zikichanwa kavu hushikana na kukatana zenyewe kwa zenyewe, na hilo ni baya zaidi. Zikiwa na maji na kondishena, kitana kinapita bila kupigana.

Zikiwa bado na unyevu, paka kondishena ya kuachia kichwani, jeli kidogo, halafu sokota twisti 16 hadi 20. Kisha usiziguse. Jumanne nzima tembea nazo. Ndani ya unywele kuna vifungo vinavyoachana vikikutana na maji na kushikana upya nywele zikikauka, kwa umbo lile zilizokuwa nalo wakati zinakauka. Ukifungua twisti zikiwa na unyevu katikati, umbo litaanguka kabla ya saa ya onyesho, nawe utarudi kwenye chupa ya kupulizia. Nimeona vichwa vingi vikiharibikia hapo tu, kwa haraka ya saa mbili.

Jumatano fungua ukiwa na mafuta vidoleni, gawanya kila twisti mara moja au mbili, kisha ingiza chanuo kwenye mizizi pekee, unyanyue, utoe. Lisipite mpaka nchani. Duara la Jumatano litakuwa dogo kuliko la Jumapili, na hilo zungumza na mwongozaji mapema. Mwambie unamhakikishia umbo, namna ya kulipata akuachie wewe. Katika waongozaji niliofanya nao kazi, wengi walikuwa hawajui kabisa kwamba nywele zinalipia, walipoelezwa walikubali. Kama tofauti ya ukubwa inamsumbua, Jumatatu sokota twisti nyembamba zaidi, Jumatano utapata duara lenye kujaa.

Usiku, hata uwe umechoka vipi, kusanya nywele mafungu sita au manane, sokota kila fungu kwa ulegevu, funga kitambaa cha satini. Ni dakika kumi. Pamba hunyonya unyevu na kukwaruza. Satini nywele huteleza juu yake. Kesho yake jioni unafungua tu, bila maji. Kama pembeni pametimka, lowesha viganja, upapase juu.

Sasa huo upande wa kulia. Hukuniambia, lakini nadhani najua: kipaza sauti chako kinabanwa wapi? Kama ni upande wa kulia juu ya sikio, pini ileile mahali palepale usiku tano kwa wiki, basi ndicho kilichokula hizo sentimita 4. Mwombe fundi wa sauti mbadilishane upande kila wiki. Na pini isishike nywele zilizo wazi: suka kisuko kimoja chembamba, kilegevu, kilichofichwa chini ya afro, pini ishike hapo, na waya upite nyuma ya shingo. Onyesho likiisha kitoe kwa mikono miwili, polepole, hata kama fundi anakusubiri. Siwalaumu mafundi, ni watu wema, lakini nimewaona wakivuta.

Ncha zilizopasuka kata, sentimita 1 pande zote, hakuna kinachoziunganisha tena hata lebo iseme nini. Upande wa kulia utahitaji miezi minne hadi mitano kufidia sentimita 4, na kwa kuwa kushoto nako kunakua, mtengeneza nywele wako atalazimika kulipunguza kidogo upande huo duara likae sawa. Kama wiki moja kuna maonyesho ya ziada ya mchana, omba wigi kwa hayo. Livaliwe juu ya kofia ya satini, bila gundi kwenye nywele za mbele.

SWALI: Dada, mimi nasimama dukani kutangaza bidhaa za nywele za asili. Mkataba unasema nywele zangu ziwe wazi na zionekane ndefu. Tatizo zikisinyaa tu mkubwa wangu ananiambia nimekuja bila kuchana. Kwa hiyo kila Jumapili napiga pasi. Sasa zimeanza kukaa kama nyuzi mbele, nikiosha hazijikunji tena. Nitumie kitu gani zirudi? – Msimamizi wa Rafu

JIBU: Pole sana. Zile za mbele hazitarudi. Nakwambia wazi kwa sababu utauziwa mengi ya kuzirudisha. Pasi nyingi za nywele hufika nyuzi joto 200 na kupita, na joto la namna hiyo, likirudiwa, huharibu protini yenyewe inayoupa unywele mkunjo wake. Maji yanaamsha mkunjo uliolala tu, uliokufa hayauwezi. Utasubiri mpya zikue, huku ukikata za zamani kidogo kidogo. Mpaka wa za zamani na mpya uushike kwa upole, maana hapo ndipo penye udhaifu.

Urefu bila pasi unawezekana. Osha, paka kondishena ya kuachia, kisha zungushia nywele uzi kuanzia karibu na mzizi mpaka nchani, fungu kwa fungu, zikauke usiku kucha. Uzi ushike unywele, usivute ngozi. Asubuhi utakuta zimenyooka kiasi cha kushuka, na mikunjo yake imebaki. Asiyeweza uzi asokote twisti nene chache na azifunge zikiwa zimevutwa kuelekea chini. Ukilazimika, draya ya joto la wastani mara moja baada ya kuosha, kwenye nywele zilizopakwa kinga ya joto, nakubali. Pasi ya kila Jumapili, hapana.

Na huyo mkubwa wako, tafadhali mwoneshe: vuta unywele mmoja wenye maji, uuachie. Ukijirudi kama springi, mkunjo wake ni mzima. Nywele iliyosinyaa kwa unyevu wa hewa ni nywele yenye afya inayofanya kazi yake, na anauza bidhaa za nywele za asili, anapaswa kulijua hilo kabla yako. Inaniuma kila ninapoona mtu analazimishwa kuunguza kile kile anachoambiwa akitangaze.

SWALI: Mimi sisuki, naziacha wazi kwa ajili ya kazi, lakini utosi unawasha na kuwaka, na nywele pale zinapungua kama sarafu inayopanuka. Mafuta gani yanafaa? – Mwenye Wasiwasi

JIBU: Hakuna, mpendwa. Nenda kwa daktari wa ngozi, na usisubiri mwezi uishe. Nywele zinazopungua kwenye ukingo wa paji kwa kuvutwa na mitindo ya kubana, madaktari wameieleza hali hiyo tangu 1907, kwa wanawake wa Greenland waliobana mikia kwa nguvu, na ikiwahiwa mara nyingi zinaota tena. Ya utosini inayowaka na kupanuka ni habari nyingine. Ipo aina inayoanzia hapo hapo na kuacha kovu, na kinyweleo kikishafungwa na kovu hakioteshi tena. Sisemi ndiyo unayo, siwezi kujua kwa barua. Daktari anaweza kuangalia kwa lenzi na pengine kuchukua kipande kidogo cha ngozi akipime.

Siku ya kwenda usipake kitu chochote, wala unga wa kuficha wala mafuta. Osha siku moja kabla, ufike na ngozi ilivyo, na umpelekee picha za utosi za miezi iliyopita kama unazo kwenye simu.