Maswali Yenu: Kasuku wa Australia katika michoro ya kale

Swali: Nimeuziwa picha ya kasuku ya John Gould, yule Mwingereza wa karne ya 19 aliyetoa vitabu vya ndege. Nitajuaje kama ni ya zamani kweli?

Jibu: Kila mara mnauliza hili baada ya kulipa. Chukua lenzi. Ukiona vidoti vya rangi vimejipanga safu safu, ni ya mashine ya juzi. Enzi zile picha ilichorwa juu ya jiwe, jiwe likachapa mistari myeusi tu, rangi ikapakwa kwa brashi, nakala moja moja. Na ikiwa ya kweli, uliza ilikotoka: wapo wanaochana vitabu vizima ili wauze kurasa. Mimi siwaungi mkono.

Swali: Gould ndiye mchoraji bora wa ndege wa Australia?

Jibu: Gould alichora rasimu za haraka, wengine wakamalizia. Mkewe Elizabeth alifuatana naye Australia mwaka 1838, akawaacha watoto wake watatu wadogo Uingereza. Alirudi na rundo la michoro, na mwaka 1841 akafariki kwa homa ya uzazi, baada ya kujifungua mtoto wa nane. Katika michoro 600 ya juzuu saba za mumewe kuhusu ndege wa Australia, 84 ni kazi yake. Nyingi ya iliyobaki alichora mchoraji mwingine, H.C. Richter. Sifa kapewa nani? Gould.

Swali: Edward Lear ni yule wa mashairi ya kuchekesha?

Jibu: Ndiye. Alianza kitabu chake cha kasuku mwaka 1830, akiwa na miaka 18. Wengine walichora ngozi za ndege waliokufa, zilizojazwa pamba. Yeye alikwenda bustani ya wanyama London, mtunzaji akimshika ndege huku yeye anapima. Pembeni mwa karatasi zake bado yapo madoa ya rangi alizokuwa akijaribu. Alitoa michoro 42, fedha zikamwishia.

Swali: Kasuku wa kijivu anayeiga maneno ni wa Australia?

Jibu: Hapana. Ni wa misitu ya Kongo na Afrika Magharibi. Mnaniuliza hili kila mwezi.

Swali: Yupo aliyebaki kwenye picha tu?

Jibu: Kasuku wa paradiso, wa Queensland na kaskazini mwa New South Wales, aliyetaga ndani ya vichuguu vya mchwa. Mifugo na ukame vilimaliza nyasi alizokula mbegu zake. Mwaka 1922 Cyril Jerrard alimpiga picha akiwa hai, kichuguuni. Tangu 1927 hajaonekana kwa uhakika. Kwa hiyo mnaponiandikia kuuliza bei ya kasuku wa porini, msitegemee jibu.